Fidia kwa Wagonjwa wa Asbesto: Wangoje Hadi Lini?

Katika siku za kudai vyama vingi, watetezi wa utawala wa chama kimoja walipenda kutuuliza swali ambalo walidhani halina jibu: Je, hivyo vyama vitaliwa? Vitamjazia mwananchi sufuria? Jibu letu lilikuwa kwamba mwananchi asiyeweza kumwajibisha anayetunga sheria hana namna ya kuulinda unga wake, wala ujira wake, wala mwili anaoutumia kuutafuta ujira huo. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Leo tuna Bunge lenye vyama tele na mabaraza mawili, tuna Mahakama ya Juu, tuna kaunti 47. Ni haki basi tulipime jibu letu la siku zile, na tumeamua kulipima kwa jambo lisilojaza viwanja vya mikutano ya hadhara wala kumpa mwanasiasa yeyote kura nyingi: fidia ya watu wanaougua, na wanaokufa, kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini.

Msomaji huenda hajui kwamba amewahi kuishi na kitu hiki. Asbesto ni jiwe la ajabu. Likipondwa halitoi changarawe bali nyuzi, laini kuliko nywele, zisizoungua kwa moto na zisizooza kwa maji. Kwa sababu hiyo walimwengu waliipenda mno. Ilizungushiwa boila na mabomba ya mvuke, ikavikwa injini za gari moshi na za meli, ikatiwa katika breki na klachi za magari, na juu ya yote ikachanganywa na saruji ili kufanya yale mapaa ya kijivu yenye mawimbi ambayo kila Mkenya wa makamo anayakumbuka. Yaliezekwa katika nyumba za wafanyakazi, mabweni ya shule, zahanati, maghala, ofisi za Serikali na majumba ya makanisa. Serikali ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2006, na kanuni za taka za mwaka huo huo zinayahesabu mabaki yake kuwa taka za hatari. Lakini marufuku hayakupanda juu ya paa na kuyateremsha. Mapaa mengi yangali pale pale, yakizeeka, yakipasuka, yakikatwa kwa msumeno na fundi asiyeambiwa lolote.

Unyuzi wa asbesto ukishaingia pafuni hautoki. Mwili hauwezi kuuyeyusha wala kuukohoa. Unakaa humo ukichokoza nyama laini ya pafu mwaka baada ya mwaka, hadi pafu linakakamaa na pumzi kuwa fupi. Hiyo ndiyo asbestosi. Au unazaa saratani ya mapafu. Au unazaa mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, ambayo hadi leo haina dawa ya kuiponya na ambayo mgonjwa wake, akishatambuliwa, aghalabu huishi mwaka mmoja hivi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani.

Neno la kushika hapa ni muda. Maradhi haya hayatokei kesho yake. Hulala miaka 20, miaka 30, pengine 40 na zaidi. Kijana aliyekata vigae vya asbesto mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 25 anaweza kuanza kushindwa kupanda mlima wa nyumbani kwake mwaka 2025, akiwa babu wa miaka 65, amestaafu, kadi zake za kazi zimeliwa na mchwa, na mwajiri wake amekwisha kufunga milango. Ugonjwa unahesabu kwa miongo. Sheria yetu inahesabu kwa miezi. Mgogoro wote tunaouzungumzia umo katika sentensi hizo mbili.

Wala asiwepo mtu wa kutuambia kwamba elimu hii ni ya juzi. Mwaka 1924 alifariki huko Rochdale, Uingereza, mwanamke mmoja mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota asbesto, Nellie Kershaw. Daktari aliyelichunguza pafu lake aliandika habari zake katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka huo huo. Waajiri wake walikataa kuwajibika. Mwaka 1931 Uingereza ikatunga kanuni za kudhibiti vumbi la asbesto viwandani. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini, Wagner na wenzake, walichapisha uchunguzi uliounganisha mesotelioma na asbesto ya buluu ya migodi ya Rasi ya Kaskazini, na miongoni mwa wagonjwa wao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kushika sururu, bali waliishi tu karibu na migodi. Basi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, yote haya yalikuwa yamekwisha kuchapishwa na kusomwa. Vigae viliendelea kupandishwa juu ya vichwa vya watu kwa zaidi ya miaka 40 baada ya hapo.

Sasa tuje kwenye sheria.

Kwa miongo mingi mfanyakazi wa Kenya alitegemea Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 236, ambayo tuliirithi kutoka kwa mkoloni. Sheria hiyo ilimwachia mfanyakazi njia mbili. Angeweza kulipwa fidia ndogo iliyowekwa na sheria, au angeweza kumshtaki mwajiri mahakamani kwa uzembe, na akithibitisha, alipwe kadiri jaji alivyoona inafaa. Mwaka 2001 Mwanasheria Mkuu aliteua jopo la kuzipitia upya sheria zote za kazi. Miaka sita ikapita. Mwaka 2007, Bunge la Tisa likiwa linakaribia kuvunjwa, sheria tano za kazi zilipitishwa kwa pamoja, na mojawapo ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nambari 13 ya mwaka huo. Ilianza kutumika Juni 2008.

Msingi wa sheria hiyo mpya ni mapatano ya zamani sana, ambayo Ujerumani iliyaanzisha miaka ya 1880: mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri, naye mwajiri haburutwi mahakamani. Kifungu cha 16 kinafunga mlango wa mashtaka ya madai dhidi ya mwajiri kwa ajali na kwa maradhi ya kazini. Badala yake mfanyakazi anapeleka dai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ulemavu wa kudumu unakadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Bima ya mwajiri, ambayo kifungu cha 7 kinamlazimisha kuichukua, ndiyo inayotarajiwa kulipa, na dai likishawasilishwa linapaswa kulipwa ndani ya siku 90. Kwa mtu aliyekatwa kidole na mashine juzi Jumanne, haya si mapatano mabaya. Tunayasema haya bayana kwa sababu wapo wenzetu wanaoitazama sheria hiyo kama hila tupu za matajiri. Sivyo.

Lakini hata kabla haijapoa, sheria ilifikishwa mahakamani. Chama cha Mawakili kilidai kwamba kumnyima mfanyakazi mahakama na kumpa mtumishi wa Serikali madaraka ya kuamua haki ni kinyume cha Katiba. Machi 2009 Mahakama Kuu ilikubali na kuvitangaza vifungu kadhaa, pamoja na kile cha 16, kuwa batili. Serikali ikakata rufaa. Rufaa hiyo iliamuliwa lini? Novemba 2017. Mahakama ya Rufaa ilivirudishia uhai vifungu karibu vyote. Chama cha Mawakili kikapanda ngazi ya mwisho, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba sheria ni halali. Hesabu ni nyepesi: tangu jopo la 2001 hadi neno la mwisho la 2019 ni miaka 18. Mtoto aliyezaliwa jopo lilipoteuliwa alikuwa amepata kitambulisho.

Katika miaka hiyo mkanganyiko ulitawala. Mahakimu wengine walisikiliza kesi za majeruhi, wengine wakazikataa. Makampuni ya bima yakachagua tafsiri iliyoyafaa siku hiyo. Hata baada ya 2019 kulikuwa na kesi zilizokwama njiani, hadi mwaka 2023 Jaji Mkuu alipotoa maelekezo kuhusu zile zilizofunguliwa zamani. Sisi ni watu wa fani hii ya sheria na hatutawaficha wasomaji wetu jambo ambalo kila mtu koridoni mwa mahakama analijua: katika ugomvi ule mawakili walikuwa na hoja ya haki, na pia walikuwa na riziki yao. Kesi za majeruhi zimewalisha wengi. Hilo haliibatilishi hoja yao. Lakini linaeleza kwa nini kelele zote zilihusu nani asikilize dai, na ni wachache mno waliouliza kama dai lenyewe, kwa mgonjwa wa vumbi, lina mahali pa kuwekwa.

Maana mapatano yale ya Ujerumani yana sharti moja lisiloandikwa. Yanadhani kwamba siku mfanyakazi atakapoumia, mwajiri atakuwapo, bima itakuwapo, na daftari la mishahara litakuwapo. Asbesto inavunja sharti hilo kwa makusudi, kana kwamba iliundwa na wakili wa utetezi. Kampuni iliyomwajiri babu yetu mwaka 1985 iliuzwa, ikabadilishwa jina, ikafilisika. Bima yake iliwekwa katika kampuni ambayo nayo, kama nyingine kadhaa tulizozishuhudia nchini, ilianguka. Yeye mwenyewe alikuwa kibarua, analipwa jioni mkononi, bila hati. Kifungu cha 16 kinamwambia asiende mahakamani kwa sababu Mkurugenzi yuko. Mkurugenzi naye, akitazama mbele yake, hamwoni mwajiri wa kumwandikia barua. Katika sheria nzima hatuoni mfuko uliowekwa kwa ajili ya mtu wa namna hii.

Halafu kuna saa. Kifungu cha 26 kinataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Ajali ina tarehe. Maradhi ya vumbi yana tarehe gani? Ni siku alipovuta unyuzi wa kwanza? Ni siku kikohozi kilipoanza? Ni siku daktari alipotamka jina la ugonjwa? Katika mashtaka ya kawaida ya madai, Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, humpa mtu miaka mitatu, na kifungu chake cha 27 humruhusu aliyekuwa hajui mambo ya msingi kuomba ruhusa ya kushtaki hata baada ya muda huo. Yaani sheria ya zamani ilikuwa na dirisha kwa mtu asiyejua kwamba anaumwa. Ile ya 2007, iliyotungwa kumsaidia mnyonge, inapaswa kuwa na dirisha pana zaidi, lililo wazi, lisilohitaji wakili kulisukuma. Saa ianze kuhesabu siku mgonjwa anapoambiwa kwa maandishi kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi. Kabla ya siku hiyo haina haki ya kuhesabu.

Na kuambiwa kwenyewe ni safari. Mzee anayekohoa na kukonda katika nchi yetu hupelekwa kupimwa kifua kikuu, na ni sawa apimwe, kwa kuwa ugonjwa huo tunao. Lakini akionekana hana, au akimeza dawa miezi sita asipone, nani anamwuliza alifanya kazi gani mwaka 1985? Ili kuitambua mesotelioma panahitajika picha za kompyuta za kifua, kipande cha nyama kilichokatwa kwa sindano, na bingwa wa kukisoma kwa hadubini. Vitu hivyo havipo katika zahanati. Viko katika miji mikubwa, na vina bei. Basi wengi wanazikwa kwa jina la ugonjwa mwingine, na Serikali inapoulizwa kwa nini hairekebishi sheria, inajibu kwamba wagonjwa wa asbesto hawaonekani. Wataonekanaje?

Yupo na mama ambaye sheria haimtaji kabisa. Mume alirudi jioni na ovaroli nyeupe kwa vumbi. Mke aliikung'uta mlangoni, akaifua kwa mikono. Katika nchi zilizochunguza jambo hili, wake na watoto wa wafanyakazi wa asbesto wamepatikana na mesotelioma bila kuingia kiwandani hata siku moja. Mama huyu hakuwa mwajiriwa, kwa hiyo Mkurugenzi hana la kumfanyia. Kwa bahati, kama hilo laweza kuitwa bahati, kifungu cha 16 hakimfungi yeye: anaweza kushtaki. Amshtaki nani, na kwa ada gani, ni habari nyingine.

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kukwama hapa. Afrika Kusini, wafanyakazi na majirani wa migodi ya asbesto ya kampuni ya Kiingereza, Cape plc, walikuta kwamba kampuni hiyo iliuza migodi yake huko mwaka 1979 na haikuacha mali ya kukamatwa. Mwaka 1997 wakaifuata London. Kampuni ikasema: rudini kwenu mkashtaki huko. Ugomvi wa wapi kesi isikilizwe, si wa nani ana haki, ulichukua miaka mitatu, hadi Julai 2000, Mabwana wa Sheria walipoamua kwamba wangenyimwa haki kama wangerudishwa mahali pasipo na msaada wa kulipia mawakili. Wakati huo mama Lubbe, ambaye kesi inaitwa kwa jina lake, alikuwa amekwisha kufa. Suluhu ya kwanza, ya paundi milioni 21, haikutimizwa. Mwaka 2003 walikubali paundi milioni 7.5. Wadai walikuwa wapatao 7,500. Piga hesabu mwenyewe uone kila pafu lilikuwa na thamani gani. Tunaitaja kesi hii kwa sababu inasifiwa vyuoni kama ushindi mkubwa, na kwa kanuni ya sheria ni ushindi kweli, lakini inaonyesha pia kwamba kuchelewa ni silaha: anayedaiwa akiwa kampuni na anayedai akiwa mtu mwenye mapafu mabovu, kila mwezi unaopita unampunguzia mmoja deni na mwingine pumzi.

Uingereza yenyewe, ambayo hatuna desturi ya kuisifu katika kurasa hizi, imefanya mambo mawili ya kuigwa. Mwaka 1979 ilitunga sheria ya kuwalipa wagonjwa wa vumbi ambao waajiri wao wametoweka. Na mwaka 2014 ikatunga Sheria ya Mesotelioma, inayoyatoza makampuni ya bima kwa pamoja ili kuwalipa wagonjwa ambao mwajiri wao na bima yake hawapatikani tena. Hoja yake ni rahisi: makampuni ya bima yalipokea malipo miaka ile, basi yasifaidike kwa sababu makaratasi yamepotea. Ufaransa ina mfuko wa wahanga wa asbesto ulioanzishwa kwa sheria ya Desemba 2000, na unamlipa hata asiyekuwa mfanyakazi.

Lililotusisimua zaidi ni suala la kasi. Mei 2006 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya Barker, kwamba mgonjwa wa mesotelioma aliyefanya kazi kwa waajiri kadhaa alipwe na kila mmoja sehemu yake tu, na kama mmoja amefilisika, hasara ni ya mgonjwa. Wagonjwa, vyama vya wafanyakazi na wabunge walipiga kelele. Tarehe 25 Julai 2006 sheria ya kuigeuza hukumu hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi. Miezi mitatu haikutimia. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba kutunga sheria ni kazi ya subira, tunauliza: subira ya nani? Bunge letu nalo huenda mbio likitaka. Tumewahi kuona miswada ya marupurupu ikipita asubuhi na jioni.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari kutafuta moyo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wananchi walipewa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichowekwa ukutani mwao. Phyllis Omido na wanakijiji waliandamana, wakakamatwa, wakatishwa, wakaenda mahakamani wakiwa wameshika Kifungu cha 42 cha Katiba, kile cha haki ya mazingira safi na yenye afya. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa zaidi ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Twaona mambo mawili hapa. La kwanza, kwamba Katiba tuliyoihangaikia ina meno. La pili ni chungu zaidi. Jirani wa kiwanda ana mlango wa Kifungu cha 42 na cha 70, ambapo hata halazimiki kuonyesha kwamba ameumia. Mfanyakazi aliyesimama ndani ya kiwanda kile kile, akivuta hewa ile ile kwa saa nane kila siku, anakutana na kifungu cha 16. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa upande huu wa ukuta na mwingine upande ule. Hatujapata kusikia hoja yoyote ya haki inayoweza kuueleza ukuta huo.

Sasa tuna neno na ndugu zetu wa makanisani, na tunalitoa kwa heshima. Bila makanisa mageuzi ya nchi hii yasingefika yalipofika. Maaskofu Okullu, Muge, Gitari na Ndingi, na mchungaji Njoya, walisema mimbarani wakati mikutano ya hadhara ilikuwa imepigwa marufuku; na Ufungamano ilikuwa nyumba ya watu wa dini kabla ya kuwa jina la harakati. Lakini Kanisa ni sauti ya kinabii na ni mwajiri vilevile. Ni mwenye nyumba. Ni mwenye shule na hospitali. Baadhi ya majengo ya misheni yaliezekwa asbesto kama ya Serikali, na leo kamati za ujenzi za parokia zinapokutana kubadilisha paa, mara nyingi swali linaloulizwa ni bei ya mabati. Nani atakayepanda kulitoa paa la zamani? Vijana wa parokia, siku ya Jumamosi, kwa kujitolea, na leso imefungwa puani. Vigae vinavunjwa kwa nyundo, vinatupwa chini, vingine vinabebwa na majirani kwenda kuezeka banda la kuku. Leso haizuii unyuzi wa asbesto. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni na mavazi maalumu, vigae vikiwa vimeloweshwa maji, vimeshushwa vizima, vimefungwa katika plastiki na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Ni ghali, tunajua. Lakini wale vijana wa Jumamosi ndio wagonjwa wa miaka ya 2050, na watakapokuja kuuliza mwajiri wao alikuwa nani, itakuwa vigumu kuwajibu kwamba walikuwa wanamtumikia Mungu.

Yule mjane katika Injili ya Luka, aliyemrudia kadhi asiyemcha Mungu hadi akachoka naye, hakuwa na wakili wala mbunge. Alikuwa na miguu tu na jambo moja la kusema. Sisi tuna zaidi ya hayo. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Tunapendekeza ombi moja, fupi, lisilochanganywa na siasa za uchaguzi: saa ya madai ya maradhi ianze siku ya kutambuliwa ugonjwa, uundwe mfuko unaogharimiwa na makampuni ya bima na waajiri kwa ajili ya wale ambao mwajiri wao hapatikani, waliougua kwa kufua nguo za wafanyakazi waingizwe, na mgonjwa wa mesotelioma asikizwe kwanza, kabla ya foleni, kwa sababu siku 90 za kusubiri malipo, pamoja na 60 za pingamizi na 30 za rufaa, kwake yeye ni nusu ya uhai uliobaki. Na kama Bunge halitaki mfuko, basi lifungue kifungu cha 16 kwa maradhi yanayochelewa kujitokeza, mtu apate walau kumshtaki aliyemdhuru. Haiwezekani kuziba milango yote miwili.

Kifungu cha 35 nacho kinatupa haki ya kujua. Tunaitaka Idara ya Usalama na Afya Kazini itangaze tangu Juni 2008 imepokea madai mangapi ya maradhi ya asbesto, mangapi yalilipwa, na mangapi yalikataliwa kwa sababu ya muda. Iwapo jibu ni kwamba haina hesabu hiyo, hilo nalo liandikwe kwenye barua na kutiwa muhuri.

Kazi nyingine haingoji Bunge, na kila parokia, kila jumuiya ndogo ndogo na kila tawi la chama cha wafanyakazi laweza kuianza wiki hii kwa daftari la shilingi hamsini. Watafuteni wazee waliofanya kazi katika karakana za reli, bandarini, katika vyumba vya boila, katika gereji za breki, na juu ya mapaa. Andikeni jina la mzee, mahali alipofanya kazi, mwaka alioanza na alioacha, kazi aliyoifanya kwa mikono yake, majina ya wenzake wawili waliofanya naye na wangali hai, na kama ana hati yoyote, hata stakabadhi moja ya mshahara, ipigwe picha. Mzee atie sahihi au alama ya kidole mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Mawakili wa kufanya hivyo bila malipo wapo, tukianza na sisi wenyewe. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine kwa katibu wa parokia. Mwandikeni kwanza yule anayekohoa.